Begi la dharura la mpanda milima: kilo ngapi zinatosha?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Tuko watu watano, na mara moja kwa mwezi tunapanda Uluguru: Morningside, Bondwa, na mwaka huu tumeanza Lupanga. Tunaondoka alfajiri, tunarudi jioni. Mwezi uliopita ukungu ulitufunika tukiwa juu, tukapoteza njia kwa saa tatu na kufika mjini usiku. Tangu siku hiyo nakusanya vifaa vya dharura. Begi langu sasa lina panga, shoka dogo, kamba ya mita 30, jiko la gesi na sufuria, makopo matano ya maharage, tochi tatu, pawabenki mbili na sanduku la huduma ya kwanza. Nimepima: kilo 9 na nusu, bila maji. Mwenzangu mmoja ananicheka. Yeye anabeba filimbi, kiberiti na simu tu, anasema mlima wenyewe anauona kutoka dirishani kwake. Nani kati yetu yuko sahihi? Mtu abebe kiasi gani?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Kwanza nashukuru kwamba mlirudi wote watano. Pili nakupongeza kwa kupima, maana wengi wanaoniuliza swali hili hawajawahi kuweka begi lao kwenye mizani.

Niseme wazi: kati yenu wawili hakuna ninayemkubalia. Ila kosa lako linarekebishika kwa jioni moja, na la mwenzako linaweza kumfikisha pabaya, kwa hiyo nitaanza na lako.

Ukiisoma orodha yako utaona jinsi ilivyokua. Ulikaa ukajiuliza, "Nini kinaweza kutupata kule?" Tukikutana na kichaka, panga. Tukihitaji kuni, shoka. Tukifika kwenye genge, kamba. Tukishikwa na njaa, maharage. Kila hofu imeleta kifaa chake, na kwa kuwa hofu haziishi, begi nalo halitajaa. Mimi nimefanya kazi ya milima zaidi ya miaka 20, nikianza kama mgumu wa kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kisha nikawa mwongozaji huko na Meru, na vijana ninaowafundisha nawapa swali moja tu la kupangia begi la dharura: *leo nikilala huku bila kupanga, ni kitu gani kitanifikisha asubuhi nikiwa hai na naweza kutembea?* Usiku mmoja. Siyo wiki, siyo kuishi porini. Ninyi mnatembea mchana mmoja juu ya mji wenye watu na barabara. Ajali yenu ikitokea, sura yake itakuwa hiyohiyo ya mwezi uliopita, ila kwa kiwango kimoja zaidi: ukungu, njia imepotea, au mmoja amevunjika kifundo cha mguu saa kumi jioni, na giza linaingia.

Sasa tuutazame huo usiku wenyewe. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Bondwa inapita kidogo mita 2,100, na Lupanga nayo iko karibu na hapo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Maana yake usiku wa Julai ambapo mjini ni nyuzi 16 na wewe unajifunika shuka moja, kule juu tarajia nyuzi 6 au 7. Ongeza upepo wa kwenye mgongo wa mlima. Ongeza na nguo zilizolowa, kwa sababu Uluguru ni mlima wa maji: ukungu ukikaa juu ya msitu, majani yanadondosha matone hata siku ambayo mvua haijanyesha, na ukipita kwenye vichaka kwa nusu saa suruali inakuwa kama umevuka mto.

Watu wengi wanaamini baridi inayoua ni ile ya theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Si kweli. Mtu aliyelowa, aliyechoka, mwenye fulana ya pamba na upepo unampiga, anaweza kupoteza joto la mwili hadi kufa kwenye nyuzi 8 au 10, bila kuona hata punje ya barafu. Huanza kutetemeka. Kisha vidole vinakuwa vizito, ulimi unakuwa mzito, anajikwaa mahali pasipo na kitu, na akiulizwa anasema yuko sawa. Ukimwona aliyekuwa anatetemeka ameacha kutetemeka ilhali hajapata joto, hapo hali imeshakuwa mbaya sana.

Kwa hiyo adui yako wa usiku huo ni baridi na maji yaliyokulowesha. Njaa haimo. Sasa rudi kwenye orodha yako, Mwalimu: katika kilo 9 na nusu, kitu gani kinazuia upepo? Kitu gani kinakutenga na udongo uliolowa? Hakuna hata kimoja. Una kilo 2 na zaidi za maharage na huna sweta.

Nisimulie kilichonifundisha mimi, maana sikujifunza darasani. Mwaka wangu wa pili wa ugumu tulikuwa tunapanda na kundi kubwa. Mizigo ilipimwa getini, kilo 20 kila mtu kama kanuni inavyotaka, na mimi nikapewa mabegi ya kulalia ya wageni pamoja na hema moja. Ili mzigo wangu ukae vizuri kichwani, koti langu la mvua na sweta nikavichomeka kwenye mzigo wa mwenzangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye hakukataa. Tulipotoka msituni ikaanza mvua iliyochanganyika na barafu. Mwenzangu alikuwa na miguu myepesi, ameshanitangulia kama saa nzima. Nikaendelea na fulana. Nilipoona siwezi tena nikakaa nyuma ya jiwe, nikaamua nifungue mzigo wa wageni, potelea mbali. Nilishindwa kufungua fundo. Nilikuwa naliona, kamba ya manila ya kijani, fundo nililolifunga mwenyewe asubuhi, na vidole haviwezi hata kuikamata ncha. Kichwani nilikuwa na mabegi manne ya kulalia, ya manyoya ya bata, na nilikuwa nakufa kwa baridi. Mzee mmoja wa wagumu aliyekuwa anakuja nyuma akaikata kamba kwa kisu, akanitumbukiza kwenye begi la kulalia na viatu vyangu.

Kutokana na siku ile nina masharti mawili ambayo siyalegezi kwa mtu yeyote. La kwanza, vya dharura vikae kwenye mwili wa mwenye navyo, kila hatua, hata ukienda kujisaidia kichakani. La pili, viwe vinafunguka kwa mikono iliyokufa ganzi. Jaribu leo nyumbani: tia mikono kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika tano, kisha ufungue begi lako, uwashe tochi, uvae koti. Zipu ndogo isiyo na kamba ya kuvutia itakushinda. Funga kipande cha kamba kwenye kila zipu. Mafundo yote toa.

Sharti la kwanza ndilo linaloleta suala la uzito. Kilo 9 na nusu pamoja na lita 2 za maji ni kilo 11 na nusu. Kwenye njia ya Lupanga, yenye mizizi na utelezi, mzigo huo unakuangusha. Pia unakutoa jasho, nguo za ndani zinalowa saa nne asubuhi, na ukisimama kidogo kwenye upepo unaanza kutetemeka. Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kwamba safari ya tatu utaliacha chini ya mti, "tutalipitia tukishuka", na safari ya tano utaliacha nyumbani. Nimeona hivyo mara nyingi mno kwa watu waangalifu kama wewe. Begi zito linalindwa kwa miezi miwili, kisha siku moja ya jua kali mwenyewe anachoka, na mlima hauchagui siku.

La kwangu mimi, bila maji, ni kilo 2 na nusu. Hilo ndilo ninalotoka nalo hata nikienda matembezi ya muda wa saa nne. Sijafika hapo kwa kubahatisha. Nilienda dukani kwa mangi, nikamwomba mizani, nikaweka kitu kimoja kimoja nikiandika gramu. Fanya hivyo. Utashangaa, kwa mfano, kwamba shoka lako na sufuria pamoja na jiko vinapita uzito wa nguo zote ninazobeba za kuniokoa usiku.

Karibu nusu ya kilo hizo ni nguo na vya kujifunika, na hapo ndipo ninapokuomba usibane gramu. Koti la mvua la kweli lenye kofia. Sweta la sufu au la flisi kutoka mtumbani, likae ndani ya mfuko usiopitisha maji na lisivaliwe ukitembea. Hilo ni la kusimama. Kofia ya sufu. Soksi kavu. Halafu kitu ambacho nakiamini kuliko vyote: kipande cha nailoni, ile wanayotandaza mafundi kabla ya kumwaga zege la sakafu. Inauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Usichukue ile nene kuliko zote. Chagua ya kati, mita 2 kwa 2. Kipande changu kina gramu 400 na kidogo.

Matumizi yake ni haya. Giza likikukuta, tafuta mahali upepo haufiki, nyuma ya jiwe au shina kubwa, mbali na korongo la maji na mbali na matawi makavu yanayoning'inia. Kusanya majani makavu kadiri utakavyopata, hata ya mgomba ukiwa karibu na mashamba, ufanye kikalio kinene cha kiganja kimoja na zaidi. Vua nguo iliyolowa kifuani, vaa sweta, vaa koti juu. Weka begi juu ya majani, kaa juu ya begi, kunja magoti, kisha jizungushie nailoni kuanzia mabegani ikipita chini ya miguu. Uso uache wazi kabisa. Usijifunike kichwa kwa nailoni, utakosa hewa na mvuke utakulowesha. Mkiwa wawili kaeni mmegusana ndani ya nailoni mbili zilizopishana. Hamtalala usingizi. Mtaona asubuhi.

Ile karatasi ya fedha inayong'aa, blanketi la dharura la gramu 60, naibeba pia, lakini kama nyongeza ndani ya nailoni. Yenyewe peke yake kwenye upepo inachanika vipande, na ukiikalia kwenye udongo wa baridi haikusaidii. Wengi wanainunua na kudhani wamemaliza.

Na kanga. Mabinti ninaowafundisha walinikumbusha hili, ingawa bibi zetu walilijua zamani. Kanga moja ina gramu 200 hivi: ni kitambaa cha kuning'inizia mkono uliovunjika, ni bandeji, ni skafu, ni chujio la maji yenye matope, ni kata ya kichwani, ni kamba ukiisokota. Pamba ikilowa haikupi joto, kwa hiyo usiitegemee kama blanketi. Kwa mengine yote, sijapata kitu cha bei hiyo kinachofanya kazi nyingi hivyo.

Tochi: moja ya kichwani, na seti moja ya betri za akiba. Moja, Mwalimu, siyo tatu. Tatu zikiwa na betri zilizochoka ni tochi sifuri. Nimesisitiza ya kichwani kwa sababu kwenye mteremko unahitaji mikono yote miwili. Kwenu jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro, kutegemea mwezi, na huku kwetu karibu na ikweta giza halibembelezi. Baada ya jua kuzama una kama dakika 20. Ndani ya msitu hata hizo huna. Mkiwa hamjatoka msituni saa 11 jioni na hamna uhakika wa njia, acheni kukimbizana na giza. Tumieni mwanga uliobaki kutafuta mahali na kukusanya majani. Wengi huumia katika ile nusu saa ya mwisho ya kulazimisha.

Moto: beba kiberiti cha gesi, na vipande vitatu vya tyubu ya baiskeli urefu wa kidole. Mpira wa tyubu unashika moto hata ukiwa umelowa, unawaka kwa moshi mweusi dakika kadhaa, muda wa kutosha kukausha vijiti vya kwanza. Lakini usiuhesabu moto kama mpango wako. Kuni za Uluguru zimeloa mwaka mzima, na uko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ambayo watu wamehangaika kuitunza. Sisi wa Kilimanjaro hatujasahau Oktoba 2020, moto uliopita juu ya msitu ukala makumi ya kilomita za mraba za mimea. Nailoni na sweta vinafanya kazi mvua ikinyesha. Moto ndio unaokosekana saa hiyohiyo unapouhitaji.

Kwa hiyo shoka libaki nyumbani. Panga pia, labda mtembee na mwenyeji wa huko ambaye analo na anajua pa kulitumia. Nimeshona majeraha ya panga kuliko ya kitu kingine chochote, na karibu yote yalitokea jioni, mtu amechoka, anakata kuni ambazo hazikuhitajika. Kisu kidogo cha kukunja kinatosha. Kamba ya mita 30 nayo ni kishawishi: ukiwa nayo utajaribu kushuka genge ambalo ungelizunguka, na wala hamjasomea. Mita 5 za kamba nyembamba zinatosha kufunga nailoni, kufunga gango (vijiti vya kushikilia kiungo kilichovunjika), kurekebisha kiatu kilichong'oka soli.

Kwenye maji ndipo mahali penyewe pa safari panapoamua, na ndiyo sababu sipendi orodha moja ya milima yote. Uluguru ni chemchemi. Mto Ruvu unaonyweshea Dar es Salaam unaanzia huko. Kwenu, lita moja na nusu hadi mbili begani na vidonge vya kutibu maji vinatosha. Angalia pakiti tu: vidonge vingi vya madukani vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, kwa hiyo kutia kizima kwenye chupa ya lita moja si sahihi, tafuta vya chupa, au mtibu maji ya watu watano kwa pamoja. Siku mkienda Ol Doinyo Lengai, geuza kila kitu. Kule ni majivu na miamba mitupu, hakuna kijito, hakuna mti wa kuni wala kivuli. Hapo mimi nabeba lita 4, yaani kilo 4, na ili nizibebe napunguza vingine. Meru ukishapita kibanda cha Saddle ni hivyohivyo, ukiongeza na baridi. Kwa hiyo kabla ya kila safari jiulize mlima huo unakunyima nini. Kinachopatikana kule, usikibebe kutoka nyumbani.

Chakula: robo kilo ya karanga na tende, au kashata. Usile mpaka usiku, na ule kidogo kidogo. Mwili unaotetemeka unachoma sukari haraka sana. Makopo rudisha kabatini.

Sanduku lako la huduma ya kwanza sijaliona ndani, lakini kwa ukubwa unaoweza kukisiwa kuna vitu vingi usivyojua kuvitumia. Bakiza bandeji mbili pana, plasta, glavu, dawa za maumivu, pakiti mbili za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini), na dawa ambazo mmoja wenu anatumia kila siku. Mwenye pumu asiondoke bila pampu yake, mwenye kisukari vivyo hivyo. Na kama ndani kuna lile jiwe jeusi la nyoka, litoe. Najua linauzwa kila mahali na najua watu wanaoliapia. Halinyonyi sumu. Wengi waliopona nalo waling'atwa na nyoka asiye na sumu, au aliyeng'ata bila kutia sumu. Madhara yake ni kwamba linapoteza muda: mtu anakaa saa mbili akisubiri jiwe lidondoke, wakati alitakiwa awe njiani kwenda hospitali. Aliyeng'atwa asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kubana damu. Mvue pete na saa, mfunge kiungo kisicheze kwa gango na kanga, mtulize, mbebeni. Dawa ya sumu iko hospitali, haiko begini.

Simu: izime mtandao unapotembea msituni, maana kutafuta minara ndiko kunakomaliza chaji, na iweke ndani ya nguo karibu na mwili kwa sababu betri huchoka kwa baridi. Pawabenki moja ndogo inatosha. Pakua ramani ya eneo kabla hujaondoka. Bondwa ina minara kileleni, lakini shuka kwenye korongo moja tu uone simu inavyokufa. Namba za kuwa nazo kichwani ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na muhimu zaidi, namba ya mwenyekiti wa kijiji cha mwisho mnachopita. Waokoaji wa kwanza kukufikia Uluguru watakuwa Waluguru wenye mashamba pale juu, watu wanaoteremka na mboga kichwani kwenda sokoni kabla hapajakucha. Wasalimieni mkipanda. Waambieni mnaelekea wapi.

Hapo nimefika kwenye kifaa kisicho na uzito hata gramu moja, na ambacho hakimo kwenye begi lako wala la rafiki yako: mtu aliye nyumbani anayejua njia yenu, majina yenu, na saa ambayo mkiwa hamjapiga simu aanze kutafuta msaada. Muandikie kwenye karatasi, asitegemee kukumbuka. "Tunapanda Lupanga, tunashuka njia ileile, saa 1 usiku tutapiga. Ikifika saa 3 kimya, piga namba hii na hii." Kifaa hiki ndicho kinachoamua begi lenu liwe la usiku mmoja au la siku nne. Mwezi uliopita, kama mngevunjikiwa na mtu, nani angejua? Kama jibu ni "hakuna", basi hata kilo 20 zisingetosha.

Baada ya hapo mgawane. Ninyi ni watano, na kuna vitu vya mtu na vitu vya kundi. Koti, sweta, nailoni, tochi, filimbi, maji, kiberiti: kila mtu na chake, bila kuazimana, kwa sababu anayepotea hupotea peke yake. Jiko na sufuria moja, turubai dogo, bandeji za ziada, pawabenki ya pili: hivyo ni vya kundi, kila mmoja abebe kimoja. Chai ya moto kwa aliyepoa ni msaada mkubwa, kwa hiyo jiko lako silikatai. Nakataa tu kulibeba wewe pamoja na kila kitu kingine.

Sasa mwenzako wa dirishani. Ni kweli mlima unaonekana kutoka kwake, na ndiyo maana watu hufia karibu na taa za miji: wanaziona, wanadhani zinafikika, wanaendelea kushuka gizani. Filimbi yake ni kifaa kizuri sana na wewe pia usiikose. Sauti ya mtu inakauka ndani ya dakika chache za kupiga kelele, filimbi haikauki. Ila ajue namna ya kuita: ishara ya milimani ni milio 6 ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, halafu tena, anayejibu hupiga 3. Kubalianeni hivyo ninyi watano. Lakini filimbi inaita watu, haikupi joto wakati unawangoja, na kutoka Mjini hadi Lupanga usiku wa mvua watu watachukua saa nyingi kukufikia. Usibishane naye. Mnunulie kipande chake cha nailoni.

Kisha kabla ya safari ijayo, chagueni usiku mmoja wa baridi na mtoke uani kwako wote watano, kila mtu na begi lake jipya na maji ya ndoo yamemwagwa kwenye suruali. Kaeni kuanzia saa 3 hadi saa 6. Ndani ya saa moja kila mmoja atakuwa amejua anachokosa na alichobeba bure. Unitumie orodha mtakayorudi nayo, na gramu zake.